Naomba ushauri: bila anwani hakuna akaunti, bila mdhamini hakuna nyumba

Habarini wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 22, mzaliwa wa Leicester, wazazi ni wa Mombasa. Tangu Oktoba niko Ufaransa, karibu na Aurillac, msaidizi wa Kiingereza katika shule mbili za sekondari. Mkataba ni miezi 7, saa 12 kwa wiki, mkononi kama euro 800 kwa mwezi. Watoto sina neno nao. Jana mmoja kaniuliza kama Mfalme Charles ni jirani yetu.

Shida ni makazi. Nimehifadhiwa bwenini, chumba chenye kitanda cha chuma na dirisha lisilofunga, na likizo ya Watakatifu Wote bweni linafungwa. Mwenye nyumba anataka mdhamini aliye Ufaransa. Benki inataka uthibitisho wa anwani, na bila akaunti mshahara hauingii. Nazunguka kama ngamia wa kinu!

Nimesoma kuhusu Visale, dhamana ya bure kwa vijana. Mliowahi kuitumia, wenye nyumba wa miji midogo wanaikubali? Na nikiomba shule iniandikie barua ya makazi, benki itaipokea? Mama sijamwambia, ataniamuru nirudi.