Maboksi, chupa au maganda ya mgomba: kipi kinafaa zaidi kwa hadithi za dini na watoto?

Mwalimu wa Jumapili, Mukono
Ndugu zangu, ninafundisha watoto wapatao 35, wenye umri wa miaka 5 hadi 9, na kanisa letu halina fungu la vifaa. Niliwaomba wazazi walete makopo na makaratasi safi badala ya kuyatupa, na sasa chumba kimejaa vitu vya aina tatu: maboksi pamoja na trei za mayai, chupa za plastiki, na maganda makavu ya mgomba. Hadithi zetu ni mbili, safina ya Nuhu na Musa mtoni. Nina mikasi minne na saa moja tu. Nianze na kipi?

Mama wa Mbale
Mwalimu, kwa Nuhu anza na maboksi, kwa sababu yanakubali kupimwa. Mwanzo 6 inataja dhiraa 300 za urefu, 50 za upana na 30 za kwenda juu. Ukiweka sentimita moja mahali pa dhiraa kumi, unapata chombo cha sentimita 30 kwa 5 kwa 3, kirefu na chembamba, kisichofanana hata kidogo na kile kimashua cha mviringo chenye shingo za twiga tunachokiona katika picha za ukutani. Watoto wangu walibishana na rula mpaka wakasadiki. Maboksi mawili ya dawa ya meno yakiunganishwa yanakaribia umbo hilo, ila mtayapunguza kimo. Trei moja ya mayai ina vikombe 30, na kila kikombe kikipinduliwa ni kobe.

Gundi pikeni wenyewe: vijiko vitatu vya unga wa muhogo huvurugwa kwanza katika kikombe cha maji baridi, kisha hukorogwa motoni mpaka uji uwe mzito na kuanza kung'aa. Msiache kazi wazi usiku, hata hivyo. Mwaka jana tuliziacha safina kumi na mbili juu ya kabati, na asubuhi tukakuta panya wamekula mapaa yote. Mtoto mmoja akauliza kama hao ndio panya waliochelewa kupanda.

Mkulima wa Masaka
Kwa Nuhu nakubaliana na Mama, lakini kwa Musa boksi halifai. Tulilijaribu katika karai la maji, likalainika na kuzama hata kabla binti Farao hajashuka mtoni. Kutoka 2 inasema mama yake alitumia kisafina cha manyasi kilichopakwa lami, na manyasi yenyewe ni mafunjo, mmea uleule uliojaa katika mabwawa yetu. Maganda ya mgomba yana tabia inayokaribiana na hiyo. Yanyunyizieni maji yalainike, maana yakiwa makavu hupasuka. Sukeni nyuzi tatu tatu, mzungushe msuko kama mkeka wa duara, mshone kwa uzi mwembamba wa ganda hilohilo. Kisha msugue kipande cha mshumaa ndani na nje. Hiyo ndiyo lami yetu, na kikapu kinaelea. Wa miaka mitano hawataweza kusuka, kwa hiyo wapeni kazi ya kuviringisha mtoto wa kulazwa ndani. Ganda wanalijua, ndilo wanalotengenezea mipira.

Ustadhi, Bombo
Assalaam alaykum. Katika madrasa yetu hatutengenezi sura za Manabii, na wapo wazazi wasiopenda hata sanamu za wanyama, kwa hiyo kwetu kazi yote iko katika chombo na maji. Surat Al-Qamar inaitaja safina ya mbao na misumari, nasi tunakata boksi vipande vyembamba vya ubao na kuvibana kwa vijiti vya njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka. Trei ya mayai iliyopinduliwa inakuwa milima, na kilele kimoja tunakiita Judi, ambapo safina ilitua. Mwalimu mwenye watoto wa dini mbalimbali anaweza kuutumia mpango huu bila kumkwaza mzazi yeyote.

Mwalimu wa Jumapili, Mukono
Ahsante sana, Ustadhi. Na chupa? Nina magunia mawili.

Mama wa Mbale
Chupa zinahitaji wembe, na ukingo uliokatwa hukata vidole. Mimi siwapi watoto. Ningeiacha chupa nzima, niivike vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, iwe samaki wa Yona. Mtu wa karatasi aliyekunjwa anapita mdomoni bila shida, ila kumtoa ndiko kazi. Vifuniko viangalieni sana, wadogo wasije wakavimeza.

Mwalimu wa Jumapili, Mukono
Basi Yona atangoja muhula ujao. Maganda nitayanyunyizia Jumamosi jioni, na safina zote nitazitundika kwa kamba kwenye boriti, mbali na hao panya waliochelewa.