Naomba ushauri: kibao cha zamani cha gesti, kuzuia kutu bila kupoteza maandishi ya mkono

Wakuu, naombeni ushauri wa mafundi rangi na wachoraji mabango. Kibao ni bati nene la futi 4 kwa 8 kwenye fremu ya engo (chuma cha pembe), rangi ya mafuta. Herufi zimechorwa kwa brashi na kivuli chekundu upande wa kulia, chini kuna S.L.P. na simu ya tarakimu chache. Kupaka upya kila kitu ni rahisi, lakini mkono wa mchoraji yule ukifunikwa haurudi tena.

Kutu imeanzia nyuma, ukingo wa chini, pale maji ya mvua yanaponasa kati ya bati na engo. Mbele rangi imevimba, ukigusa inabanduka. Mpango ni kufungua fremu, kusugua nyuma kwa brashi ya waya, kupaka redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mikono miwili, kisha kutoboa matundu ya milimita 6 chini ili maji yatoke. Msasa mkavu hautatumika mbele, maana rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead) na vumbi lake ni sumu. Tapentaini nayo inaweza kulainisha herufi.

Maswali: rangi iliyovimba inalazwaje na kugandishwa bila kupasuka? Asidi ya taniki hugeuza kutu kuwa nyeusi; je, italitia doa eneo jeupe? Na vanishi ipi haigeuki njano juani? Ile ya mbao ya kawaida hugeuka, na kuibandua baadaye ni kubandua na herufi.