Fildi ya ustawi wa jamii: hospitali ya rufaa ya mkoa au ofisi ya halmashauri?

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasoma shahada ya kazi za ustawi wa jamii hapa Dar es Salaam, na muhula huu ukiisha tunakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Nimepeleka barua za maombi sehemu mbili na zote zimenikubali. Moja ni kitengo cha ustawi wa jamii katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako itanibidi nipange chumba. Nyingine ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ya wilaya yetu, ambako nitakaa kwa shangazi bila gharama ya malazi.

Mwaka jana kituo nilichopangiwa kilinipokea vizuri, lakini muda wangu karibu wote uliishia katika kupanga majalada na kutumwa kutoa nakala, na daftari la mafunzo likaja kusainiwa lote kwa mkupuo siku ya mwisho. Nisingependa yajirudie. Naomba walio kazini wanieleze ni wapi mwanafunzi hujifunza kazi yenyewe, na namna ya kumwomba msimamizi anipe kazi ya maana bila kuonekana mjuaji.

Afisa Ustawi, Hospitali

Mdogo wangu, hongera kwa kukubaliwa sehemu mbili, maana wenzako wengi bado wanazungushwa na barua zao.

Hospitalini sehemu kubwa ya siku yetu huenda kwenye msamaha wa matibabu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataja makundi yanayostahili kutibiwa bila malipo, wakiwamo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kazi ngumu iko kwa yule asiyeingia katika kundi lolote: kijana wa bodaboda amevunjika paja, hana bima, ndugu hawapokei simu, na daktari ameshaandika kwamba anaweza kuruhusiwa. Wodi inataka kitanda, uhasibu unataka fedha, naye analetwa kwetu ili tuseme kama kweli hana. Mwanafunzi anayekaa kando ya afisa katika mahojiano hayo huona jinsi swali moja lililoulizwa kwa ukali linavyomfanya mtu afiche mambo kwa aibu, na jinsi mwingine mwenye shamba na ng'ombe anavyoweza kulia machozi ya kweli kabisa. Pamoja na hayo kuna wagonjwa waliotelekezwa, kuna miili isiyo na ndugu, na penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, yaani mahali pamoja pa matibabu, polisi na ushauri, kuna waathirika wa ukatili wa kijinsia, ambao kwa kawaida mwanafunzi hatakiwi kuwahoji peke yake.

Hata hivyo, jina la hospitali lisikudanganye. Kabla ya kuchagua, piga simu uulize kitengo kina maafisa wangapi, kimepokea wanafunzi wangapi, na ni nani hasa atakayekusimamia. Ukikuta afisa mmoja anabeba wodi zote huku amepokea wanafunzi wa vyuo vitatu, hata awe na moyo mwema kiasi gani, hatapata nafasi ya kukaa nawe kuizungumzia kazi uliyoifanya, na bila mazungumzo hayo utarudi chuoni na visa vya kusimulia tu.

Afisa Ustawi, Halmashauri

Naunga mkono hilo la kumwangalia msimamizi kabla ya jengo, ila sikubaliani na picha ya kwamba hospitali ndiko kwenye kazi nzito. Mgonjwa hukaa siku chache akaondoka, na nyuma yake hujui kilichoendelea. Kwetu shauri moja unaweza kulifuata tangu linapofika mezani mpaka nyumbani kwa mteja na mahakamani. Tunapokea madai ya matunzo ya watoto. Tunasuluhisha ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida hudai mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi kabla ya shauri la talaka. Na chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tunaiandalia mahakama taarifa za uchunguzi wa kijamii kuhusu watoto waliokinzana na sheria. Kuandika taarifa hiyo ni shule peke yake. Unakwenda nyumbani, shuleni na kwa mjumbe, kisha unapima maneno yako ukijua kwamba hakimu atayasoma na kwamba mtoto anaweza kurudi kwao au kupelekwa kwingine kwa sababu ya taarifa hiyo.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni hiyo nyumba ya shangazi. Wilaya yenu ni ndogo. Siku moja atakayeingia ofisini kudai matunzo atakuwa jirani yenu, na jioni shangazi atakuuliza, tena kwa nia njema tu, kwamba mama fulani alifuata nini kule ofisini. Ukichagua kuja huku, mwambie shangazi mapema kwamba ya ofisini hayazungumzwi nyumbani, na mwambie msimamizi wako ni familia zipi unazifahamu ili mashauri yao usiyaguse.

Mkufunzi wa Uuguzi

Nimesimamia wanafunzi wodini kwa muda mrefu, nami naongeza machache kutoka upande wangu.

Kama ni hospitali, kachanjwe homa ya ini aina ya B sasa hivi, kwa sababu dozi ni 3, ya pili hufuata baada ya mwezi 1 na ya tatu hukamilika miezi 6 tangu ya kwanza. Wanafunzi wa ustawi hudhani jambo hili ni la wauguzi na madaktari, ilhali nao huingia wodi zile zile. Siku ya kwanza uliza pia utaratibu wa mtu aliyechomwa na sindano iliyotumika, kwani dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisivuke saa 72. Na simu iache mfukoni. Picha ya wodi kwenye kundi la darasa, hata isiyoonyesha sura, inaweza kukufukuzisha, na tangu ipatikane Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 suala hilo si la maadili peke yake.

Kuhusu majalada, nina mawazo tofauti kidogo na yako. Jalada la mteja ni kitabu cha kazi. Badala ya kumwambia msimamizi kwamba umechoka kupanga, omba ruhusa ya kuyasoma, kisha mwendee na moja na umwambie, "Nimeona mama huyu anarudi Alhamisi, naomba niwepo, nami nitaandika muhtasari uusahihishe." Ni vigumu kumkatalia mtu aliyeomba hivyo. Daftari nalo lipeleke kila Ijumaa bila kungoja kuulizwa.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimepiga simu kote. Hospitali ina maafisa wawili na wanafunzi ni wengi; halmashauri afisa amesema nitakuwa peke yangu na tutakaa pamoja kila Jumatatu asubuhi. Ninaelekea huko. Swali la mwisho: muda wangu ukiisha na shauri halijaisha, nafanyaje?

Afisa Ustawi, Halmashauri

Mteja ajue tangu siku ya kwanza kwamba wewe ni mwanafunzi, na ajue tarehe utakayoondoka, hasa akiwa mtoto, kwa maana yeye huwahi kukuzoea kuliko unavyodhani. Wiki mbili kabla ya kuondoka usipokee shauri jipya. Kila ulilolishika liandikie ukurasa mmoja unaoonyesha limefikia wapi, nani anasubiriwa na lini, halafu umtambulishe mteja kwa afisa atakayeendelea naye, wote watatu mkiwa chumba kimoja. Namba yako ya simu usimwachie.