Mrejesho: Mesopotamia kwa watoto wa darasa la nne

Niliuliza namna ya kuwafundisha watoto wa darasa la nne ustaarabu wa Mesopotamia, eneo la kale ambalo sehemu yake kubwa ni Iraki ya leo, bila kuwakaririsha miaka, nami nawashukuru mlionishauri nianze na udongo. Kila mtoto alifinyanga kibao kidogo, akachonga ncha ya utete, kisha akaandika kwa kugandamiza idadi ya kondoo na vipimo vya shayiri, kama walivyofanya makarani wa Uruk, mji wa kale wa huko, yapata mwaka 3200 KK. Mmoja alikosea, akafuta kwa kidole gumba, akatambua mwenyewe kwamba udongo ukishakauka hesabu haibadiliki tena. Hapo ndipo walipoelewa, kuliko nilivyowahi kueleza ubaoni, kwamba maandishi ya huko yalizaliwa na haja ya kutunza hesabu. Ramani ya mito ya huko, Frati na Hidekeli, niliipitia haraka mno. Nitairudia wiki ijayo.