Ushauri: bawaba za milango, nibaki na shiti au nihamie mkanda wa koili?

Mtu wa Bawaba: Wakuu, heshima kwenu. Nina karakana ndogo hapa Dar, natengeneza bawaba za inchi nne. Siku zote nanunua shiti la chuma la futi nane kwa nne, milimita mbili, nakata mwenyewe. Sasa nashauriwa nihamie mkanda, yaani koili (chuma bapa kilichoviringishwa kama roli) iliyopasuliwa tayari kwa upana ninaotaka. Kipi kina faida? Nijibuni haraka, silali.

Kijana wa Tabata: Hata mimi silali mkuu, ila mimi ni mbu.

Baba Tumaini: Achana na chuma, fuga kuku. Mimi nilichomelea mageti miaka sita, macho yameharibika na madeni sijakusanya mpaka leo. Kuku hakopwi.

Mama Swaumu: Kuku hakopwi? Njoo mtaani kwetu.

Mzee wa Vipimo: Mashine yako ya presi ni ya umeme au ya mkono? Mkanda unatoka kwenye koili umejipinda, unataka kifaa cha kuufungua na cha kuunyoosha. Halafu faida ya mkanda haimnyimi mtu usingizi. Sema lililokupata.

Mtu wa Bawaba: Ya mkono. Ila mkanda unaokoa muda wa kukata.

Mama Swaumu: Umeulizwa kwa nini hulali.

Mtu wa Bawaba: Haya. Nilipeleka bawaba 600, mia na kitu zimerudi zimepasuka pale panapoviringishwa kupitisha pini. Muuzaji anasema chuma cha shiti ni kikavu, cha mkanda laini. Nimeshampa advansi milioni 4. Na sijakurupuka, viwanda vikubwa vingi vinatumia mkanda.

Mama Swaumu: Milioni 4 za nani?

Mtu wa Bawaba: Za kikoba cha mama watoto. Anajua. Sehemu anajua.

Baba Tumaini: Mwanaume, rudi nyumbani ukaongee na mwenzio kwanza.

Fundi Mstaafu: Koili si mchezo. Kuna dogo alikata ule utepe unaoifunga huku kasimama mbele yake. Chuma kikaruka, kikamchana muundi hadi mfupa ukaonekana.

Chai Chungu: Wakuu, mnachoshwa bure. Akaunti ina siku mbili. Huyu dalali wa koili, kesho anaweka namba ya simu. Chai hii.

Kijana wa Tabata: Mimi nilishaanza kutafuta andazi.

Mtu wa Bawaba: Dalali gani anauza kwa kusema amerudishiwa mzigo?

Mzee wa Vipimo: Chai au si chai, fundi mwingine atasoma. Gilotini yako ya kukatia shiti futi ngapi?

Mtu wa Bawaba: Nne.

Mzee wa Vipimo: Basi unalikata shiti kwa mapana, vipande vya milimita 100, halafu unakatakata kila 55. Sivyo?

Mtu wa Bawaba: Umejuaje?

Mzee wa Vipimo: Chuma kina nyuzi kama mbao, zinafuata njia kilivyosukumwa kwenye rola, na kwa kawaida ni urefu wa shiti. Wewe unaviringisha ule ukingo wa 100, nao umelala sambamba na nyuzi, ndiyo maana kinapasuka kirahisi. Geuza: kata kwanza 55, kisha kila 100. Gilotini ile ile, vipande 528 vile vile kwa shiti. Mkanda wa upana wa 100 ungekuponya kweli, lakini kwa kuwa nyuzi zake zingelala sawa, si kwa ulaini.

Mtu wa Bawaba: Nimerudi. Nimekunja vipande sita vya shiti moja. Vitatu vya zamani vyote vina ufa, ukucha unaingia. Vitatu vya kugeuza, safi.

Chai Chungu: Picha?

Mtu wa Bawaba: Simu imekufa kioo cha kamera. Muuzaji anasema hela hairudi, ila nichukue shiti za thamani hiyo. Nichukue?

Mzee wa Vipimo: Chukua. Hata shiti hukatwa kutoka kwenye koili.

Mama Swaumu: Na mama watoto umemwambia?

Kijana wa Tabata: Sehemu.