Makala ya Oliver Lowry ya 1951: marejeo zaidi ya 300,000 yanapima nini hasa?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nasoma shahada ya uzamili ya biokemia na ninaandaa wasilisho la semina kuhusu Oliver H. Lowry, mmoja wa waasisi wa kemia ya ubongo, aliyefanya kazi kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Makala yake ya 1951 katika Journal of Biological Chemistry iliongoza orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi ambayo jarida la Nature liliichapisha mwaka 2014, ikiwa na marejeo zaidi ya 300,000, yaani mara ambazo makala nyingine ziliitaja. Kinachonitatiza ni kwamba makala hiyo inaeleza njia ya kupima protini tu, wala haitoi nadharia yoyote kuhusu utendaji wa ubongo. Je, nikiandika kwamba huyu ndiye mwanakemia wa ubongo mwenye mchango mkubwa kuliko wote, nitakuwa na hoja?

Jibu la kwanza

Kwa kigezo hicho peke yake, hoja hiyo haitasimama. Marejeo yale yanaonyesha ni maabara ngapi zilihitaji kujua kiasi cha protini katika sampuli zao, na karibu kila maabara ya biokemia ilihitaji kukijua, iwe inachunguza ini, bakteria au mbegu za mmea. Protini ikichanganywa na shaba katika mmumunyo wa alikali, kisha kikaongezwa kitendanishi cha Folin (kemikali inayobadilika rangi), hutokea rangi ya buluu ambayo ukolezi wake husomwa kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na mmumunyo. Njia hiyo ilikuwa nyepesi, haikudai vifaa vya gharama, na ilitosheka na sampuli ndogo sana. Mtafiti aliyeitumia aliirejelea katika sehemu ya mbinu, akaendelea na mada yake. Nafasi ya pili na ya tatu katika orodha hiyohiyo zilishikwa na makala za Laemmli ya 1970 na Bradford ya 1976, nazo pia ni za mbinu za kushughulikia protini.

Ukitaka kumwona Lowry mwenyewe, soma kazi ambazo hazikurejelewa kwa kiwango hicho. Swali lililomshughulisha kwa miaka mingi ni jinsi ya kupima kemia ya seli moja ya neva, na kwa ajili hiyo alitumia mizani ya uzi mwembamba wa kwatzi, uliopinda kwa uzito wa kipande cha tishu kilichogandishwa, kikakaushwa na kukatwa kwa mkono chini ya hadubini. Mwaka 1961, yeye na Janet Passonneau pamoja na wenzao walichapisha njia ya kutumia vimeng'enya kwa mizunguko ya kujirudia, ili kiasi kidogo mno cha kemikali kikuzwe mara maelfu hadi kiweze kupimika. Mwaka 1964 wakaonyesha, kwa ubongo wa panya uliogandishwa sekunde chache baada ya damu kukatika, jinsi akiba ya nishati inavyoporomoka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo mchango wake katika neurokemia, yaani kemia ya ubongo na neva, na ningependa semina yako itumie muda mwingi hapo.

Muulizaji

Nakushukuru sana, mwalimu. Je, fahirisi ya h ingefaa zaidi?

Jibu la pili

Ina upungufu wa namna nyingine. Fahirisi hiyo, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, humpa mtafiti alama 40 ikiwa ana makala 40 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 40. Kwa hiyo makala yenye marejeo 300,000 huongeza alama moja tu, sawasawa na yenye marejeo mia moja. Tena haigawi sifa miongoni mwa waandishi. Rosebrough, Farr na Randall waliandika makala ya 1951 pamoja na Lowry, lakini ni wachache mno wanaoyataja majina yao.

Jibu la tatu

Ningeongeza mfano wa Arvid Carlsson wa Uswidi. Mwaka 1957, yeye na wenzake wawili walichapisha katika Nature taarifa fupi iliyoonyesha kwamba wanyama waliolemazwa kwa dawa ya reserpini walirudia hali ya kujongea walipopewa L-dopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Taarifa hiyo ilisaidia kufungua njia ya tiba ya ugonjwa wa Parkinson, na Carlsson akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000. Daktari anayeandika L-dopa leo hairejelei taarifa ile, kwa hiyo hesabu ya marejeo haiwezi kuona kazi inayoendelea kufanywa nayo.

Kwa upande wa Lowry, chagua makala kadhaa za miongo tofauti zilizomrejelea, kisha uangalie jina lake limetajwa katika sehemu gani: mbinu, au mjadala wa matokeo. Ufanye hivyo kwa makala ya 1951 na kwa ile ya 1964, uziweke katika jedwali moja, na wasikilizaji wako wataiona tofauti wenyewe.