Gumzo la kikundi: UKOO WA MUHEZA (bati la Bibi)

[19:02] Shangazi: Assalam aleikum. Daftari la mchango limelowa, lilikuwa juu ya kabati kwa Bibi, pale pale panapovuja. Karatasi zimegandana, inasomeka mistari miwili tu: Machi 16,000, Agosti 31,000. Tulianza Januari na kila mwezi tunapandisha kiasi kile kile. Septemba ndiyo hii, tunatoa ngapi?

[19:09] Shangazi: Mbona kimya? Naona mnasoma.

[19:20] Ba Mdogo: Waaleikum salaam dada. Toka 16 hadi 31 ni 15,000. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, miezi sita. Gawa kwa sita, 2,500. Septemba 33,500.

[19:21] Binamu Dar: Hesabu za ng'ombe hizo 😂😂

[19:21] Ba Mdogo: Ya ng'ombe yasiletwe hapa.

[19:22] Mama Pili: Yataletwa tu. Hatujaona hata kwato.

[19:23] Shangazi: Jamani bati! Mama analala na ndoo chumbani, na lazima tuezeke Februari kabla ya masika.

[19:31] Kaka Fundi: Shikamoo Ba Mdogo. Umehesabu miezi, hesabu mara tulizopandisha. Nguzo sita za banda zina mapengo matano. Machi kwenda Aprili moja, mpaka Julai kwenda Agosti ya tano. 15,000 gawa kwa tano, 3,000. Septemba 34,000.

[19:33] Ba Mdogo: Marahaba. Kumbe mnanisema kwa mia tano?

[19:36] Kaka Fundi: Rudi nyuma uone. Kwa 3,000, Februari 13,000, Januari 10,000, na sote tunakumbuka tulianza na elfu kumi. Kwa 2,500 Januari inakuwa 11,000, nani alitoa hiyo? Desemba tutakuwa tumepandisha mara 11, siyo 12, kwa hiyo 43,000.

[19:38] Kaka Fundi: Jumla ya mwaka: Januari na Desemba 53,000. Februari na Novemba 53,000. Jozi ziko sita. Kila mtu 318,000.

[19:39] Binamu Dar: Mimi niandikeni nguzo, nitasimama tu 😂

[19:41] Shangazi: Mpaka Agosti kila mmoja awe ametoa 164,000. Tumeni meseji za muamala hapa.

[19:44] Mama Pili: Na aliyeshika hela atume salio.

[21:05] Simu ya Bibi: Mimi Bibi, naandikiwa na mjukuu. Ng'ombe yule nilishasamehe mimi mwenyewe, nisimsikie tena nikiwa hai. Ila hela za bati ziletwe hapa, zihesabiwe mbele yangu.

[21:06] Shangazi: Sawa mama.

[21:40] Ba Mdogo: Nimesikia mama. Kesho niko Korogwe, nitakuja Ijumaa inshallah.

[21:41] Mama Pili: Ijumaa ipi?

[22:15] Mjomba: Ndo naingia. Mchango gani tena?

[22:16] Shangazi: Panda juu usome kaka. 34,000.

[22:58] Binamu Dar: Shangazi, nikitoa 20 sasa, iliyobaki mwisho wa mwezi?